Barua ya wazi: Waliokufa kwa njaa ya Majimaji nao wapewe chumba chao Songea

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa la Tanzania,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Songea. Barua hii inahusu Makumbusho ya Majimaji yaliyopo eneo la Mahenge hapa mjini, na ombi langu naliweka mwanzoni ili hata msaidizi wa ofisi aliyezongwa na mafaili alione kabla hajafungua ukurasa wa pili. Naomba makumbusho yetu yatenge chumba kizima kwa ajili ya watu waliokufa kwa njaa wakati wa vita vya Majimaji, vita vya 1905 hadi 1907 vya kuupinga utawala wa Kijerumani, na baada yake. Siombi ubao mmoja ukutani, wala aya ya maelezo chini ya picha ya ofisa wa Kijerumani. Naomba chumba, chenye mlango wake.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Manispaa. Huwa tunawapeleka wanafunzi pale, nao hurudi wakiyajua majina ya walionyongwa, wengine wanayataja kwa ghani kabisa. Hilo ni jambo jema na silibezi hata kidogo. Ila ukiwauliza vita ile iliua watu wangapi, wapo wanaokujibu bila kusita: 67. Si watoto wazembe. Wanajibu kutokana na kile ambacho sisi wakubwa tumekipigia ngoma mwaka baada ya mwaka.

Hiyo 67 ni hesabu ya kitanzi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi wa Wangoni na watu wengine waliokamatwa pamoja nao, kisha wakawafukia katika kaburi moja. Wapo wanaotaja 66, wapo wanaotaja 67, na ingefaa siku moja makumbusho yatoe orodha moja yenye maelezo ya tofauti hiyo ili tuache kubishana kila Februari. Nkosi (mfalme) Mputa Gama wa Njelu alikuwamo. Mkomanile alikuwamo, mwanamke pekee kati ya wanaume wote wale. Nduna (jemadari) Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, alinyongwa baada ya wenzake; simulizi ya wazee inasema Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki ilhali wenzake wamekufa. Kaburi lake liko peke yake, na wazee wanasema kiwiliwili ndicho kilichomo, kichwa kilichukuliwa Ujerumani. Nkosi Chabruma wa Mshope hakupatikana kwa kitanzi. Alivuka mto Ruvuma akaingia upande wa Wareno na hakurudi tena.

Sasa tuiweke hesabu ya kitanzi kando ya hesabu nyingine. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria kwamba wenyeji 75,000 walikufa katika vita ile. Marehemu Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu aliyeifanyia Majimaji kazi ya miaka, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa serikali ya kikoloni walikufa Wazungu 15, na askari na wasaidizi wa Kiafrika 389. Bunduki na mizinga ya rashasha iliua wengi, hilo halina ubishi, hasa pale watu walipoikimbilia rashasha kifua wazi kama ilivyokuwa Mahenge ya Ulanga Agosti 1905. Lakini risasi haifiki laki. Aliyeua laki ni njaa.

Wala njaa hiyo haikuletwa na nzige au ukame. Ilipangwa ofisini, ikaandikiwa barua, ikatekelezwa na jeshi. Vita ilipoanza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbini, watu waling'oa pamba ya shamba la jumbe, ile pamba waliyolimishwa kwa nguvu kwa malipo ambayo wengine waliyakataa kwa jinsi yalivyokuwa ya kudhalilisha. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyoaminika kugeuza risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikiwa bado mbichi, na dawa yake ikaendelea kusafiri bila yeye. Ikaingia Liwale na Mahenge, na Septemba ikawa imefika Ungoni mikononi mwa Omari Kinjala. Kufikia hapo Gavana von Götzen alikuwa na eneo kubwa kuliko uwezo wa jeshi lake. Kapteni Wangenheim akamwandikia kwamba mapigano peke yake yatabaki kuwa tone baharini, na kwamba ni njaa na ufukara tu vitakavyowafanya watu wasalimu amri. Ushauri huo ukafanyiwa kazi. Vikosi vikaacha kuwatafuta wapiganaji, vikaanza kutafuta chakula: vihenge vikachomwa, mashamba yakafyekwa, nafaka ikachukuliwa kulisha jeshi, na iliyobaki ikatiwa moto.

Hapa Songea, kwenye boma letu lenyewe, alikuwepo ofisa aitwaye Kapteni Richter. Alipoambiwa kwamba njaa inakuja, jibu lake limebaki kwenye maandishi na wanahistoria wamelirudia mara nyingi: waache wafe njaa, sisi chakula chetu tutakipata, na kama ningeweza ningewazuia hata kupanda. Mtu huyu alitamka hayo katika mji ambao mimi naishi na watoto wangu wanasoma. Kama kuna maneno yanayostahili ukuta mzima katika makumbusho yetu, kwa herufi za kuonekana kutoka mlangoni, ni hayo. Mwanafunzi akiyasoma hatahitaji mwalimu wa kumweleza ukoloni ulikuwa nini.

Nimejiuliza kwa nini kumbukumbu yetu imekimbilia kitanzi na kuiacha njaa. Sababu moja iko wazi. Mtu aliyenyongwa ana jina, ana ukoo, ana siku ya kufa, na ana kaburi la kuwekea shada. Alikufa mbele ya macho ya watu, tena wengine walibatizwa asubuhi ile kabla ya kunyongwa, kwa hiyo hata wamisionari waliwaandika. Mama aliyekufa porini kati ya Namtumbo na Liwale akichimba mizizi hakuandikwa na mtu. Hana siku, hana ukoo uliobaki wa kumdai. Na wengi wa waliokufa hivyo walikuwa wanawake, watoto na wazee, watu ambao hata kabla ya vita hawakuwa wakitajwa sana barazani.

Sababu ya pili inauma kidogo. Kitanzi kinatupa ushujaa, njaa haitupi. Taifa changa lilihitaji mashujaa, na lilikuwa na haki ya kuwahitaji. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kudai uhuru, aliitaja Majimaji, akaeleza kwamba wazee wale walipigana kwa sababu hawakuamini kuwa mzungu ana haki ya kuwatawala. Makumbusho yalipofunguliwa mwaka 1980, yakiwa bado ya mkoa, yalijengwa katika roho hiyo hiyo: ngao, mikuki, sanamu za viongozi, makaburi. Baadaye yakakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Siku ya kumbukizi wazee wanavaa, ngoma inapigwa, viongozi wanakuja, na hata timu yetu ya mpira, Wanalizombe, imebeba jina la vita hiyo. Sitaki kipunguzwe chochote katika hayo. Nasema tu kwamba miaka zaidi ya arobaini baada ya kufunguliwa, nyumba ile imekomaa kiasi cha kubeba habari isiyo na ushujaa ndani yake.

Mtaniuliza: chumba hicho utakijaza nini, ikiwa wenye njaa hawakuacha kitu? Ni swali la haki. Watu waliokufa njaa waliacha vitu vichache sana, na huo ndio ushahidi wenyewe. Kihenge kimoja kitupu katikati ya chumba kingetosha kuanza nacho. Jiwe la kusagia. Jembe la wakati ule. Kisha ramani kubwa ya kusini yote, inayoonyesha vijiji vilivyokuwepo kabla ya 1905 na vilivyobaki baadaye. Ramani hiyo itamfanya mgeni aelewe jambo ambalo hata sisi wenyeji tunalipita kila siku tukiwa ndani ya basi: yale mapori makubwa upande wa kaskazini ya Namtumbo na Tunduru hayakuwa matupu tangu kuumbwa kwa dunia. Watu walikufa, walihama, nyani na nguruwe wakachukua mashamba, ndovu wakafuata. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikaja kuwa pori la akiba la Selous, na tangu 2019 sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii analipa fedha nyingi kuja kuona nyika ya asili. Mheshimiwa Waziri, wanyamapori na makumbusho vyote viko chini ya wizara yako. Sidhani kama kuna wizara nyingine duniani yenye nafasi nzuri zaidi ya kuwaambia wageni ukweli huo katika sehemu zote mbili.

Kwenye ukuta mwingine yawekwe yale yaliyofuata. Afisa mmoja wa Kiingereza aitwaye Culwick na mkewe walifanya uchunguzi Ulanga miaka ya 1930, na walichokikuta ni kwamba wanawake walioponea njaa ile uzazi wao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Miaka thelathini baadaye, njaa ilikuwa bado inaua, safari hii kwa kuzuia watu wasizaliwe. Hapa Ungoni vijana walianza kuondoka kwenda umanamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, wakafanya hivyo kizazi baada ya kizazi, kwa sababu kodi ilidaiwa na nyumbani hapakuwa na cha kuuza. Ukimwuliza mzee wa hapa kwa nini ana ndugu Korogwe na Muheza, mara nyingi jibu linaanzia hapo.

Sauti pia zipo. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake vijijini kukusanya simulizi za Majimaji, wakati walioiona vita kwa macho yao wakiwa bado hai. Waliandika walichoambiwa na wazee wa Umatumbini, Mahenge, Ungoni na kwingineko. Hazina hiyo inajulikana na wasomi, inatajwa katika tanbihi za vitabu vilivyochapwa Ulaya na Marekani, na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anayeishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kaburi la Songea Mbano hajawahi kuiona hata kurasa moja. Naomba nakala ziletwe Songea. Ziwekwe mahali ambapo mtu akitoka Peramiho au Mbinga na jina la kijiji cha babu yake anaweza kukaa akasoma. Kazi hiyo haihitaji mkandarasi wala zabuni. Inahitaji barua moja kutoka kwa Mkurugenzi Mkuu kwenda chuoni na mashine ya kunakili.

Na bado kuna wazee waliosikia habari hizi kwa waliozisikia. Nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Alieleza jinsi mama yake alivyoishi kwa ming'oko na mizizi mingine ambayo sasa hata majina yake yamepotea, na jinsi ilivyokuwa aibu kusimulia ulikula nini na nani uliyemwacha njiani. Amekwishafariki. Kabla ya Februari nyingine kupita, walimu wa historia wa mkoa huu tuko tayari kuwatuma wanafunzi wetu na simu zao wakawarekodi wazee, kwa Kingoni, Kimatengo, Kindendeule, Kiyao, lugha yoyote ile mzee anayoiweza, kisha tukaandika kwa Kiswahili. Tunachokosa ni mahali pa kuzihifadhi na mtu wa kutusimamia tusije tukafanya hovyo.

Najua pia kwamba chumba cha njaa kitafungua mazungumzo magumu, na afadhali niyataje mwenyewe kabla hamjayatumia kama sababu ya kuahirisha.

La kwanza ni hili: nani alichoma vihenge? Maofisa walikuwa Wajerumani, wachache. Mikono iliyoshika mienge ilikuwa ya askari weusi: Wasudani, Wamanyema, Wasukuma, Wanyamwezi na wengine, pamoja na rugaruga waliolipwa kwa nyara. Dar es Salaam tunayo sanamu ya Askari katikati ya jiji, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927 kwa ajili ya waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, na tunapigia picha pale bila kufikiri. Makumbusho ya Songea yana wajibu wa kueleza askari alikuwa nani, kwa nini aliajiriwa, alilipwa nini, na alifanya nini Ungoni. Tukiificha sehemu hiyo, mwanafunzi mwerevu ataigundua mwenyewe akiwa chuo kikuu, na atatuona waongo.

La pili linatuhusu sisi wenyeji. Wangoni walikuja kutoka kusini mwa Afrika, wakaingia nchi hii kwa mkuki, na ufalme wa Njelu na wa Mshope ulisimama juu ya watu waliotekwa na kutawaliwa. Mjerumani alipojenga boma lake hapa mwaka 1897, wapo ambao hawakulia sana kuona Nkosi anadhalilishwa. Kisha mwaka 1905 dawa ikawaunganisha watu wa makabila zaidi ya 20 ambao wengi wao walikuwa na madeni ya damu kati yao. Huo ndio muujiza wenyewe wa maji. Kwangu mimi ni mkubwa kuliko suala la kama risasi iligeuka au haikugeuka, ambalo watu hupenda kulichekea kana kwamba wazee wale walikuwa wajinga. Njaa nayo haikuuliza kabila. Mndendeule na Mngoni walikufa kwa shimo moja tupu la nafaka. Habari ikisimuliwa kutoka upande wa njaa, makumbusho yanaacha kuwa ya Wangoni peke yao na yanakuwa ya kusini yote, kuanzia Kilwa hadi Ludewa. Kule Nandete upo mnara wa kumbukumbu. Sijui kama watu wawili kati ya kumi hapa Songea wanajua kwamba upo, na nadhani watu wa Nandete nao wanatushangaa jinsi tulivyoichukua vita yao tukaifanya ya kwetu.

Sasa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja hapa hapa makumbusho, akainamisha kichwa kaburini, akazungumza na ukoo wa Mbano na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu zetu. Aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kutafuta kichwa cha Nduna Songea. Nilifurahi, na nikabaki na wasiwasi. Nilifurahi kwa sababu tunajua jambo hili linawezekana: fuvu la Mtwa Mkwawa lilidaiwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles, Gavana Twining akaliona Bremen, likarudi mwaka 1954, na leo liko Kalenga. Mwaka huo huo wa 2023 taasisi ya Berlin inayotunza mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki ilitangaza kwamba kati ya mafuvu 1,135 iliyoyachunguza, 202 yametoka Tanzania bara, na vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa watu watatu wa Uchagani. Wajukuu wa Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900, bado wanasubiri. Ukoo wa Mbano nao una haki ya kusubiri ukiwa na matumaini, na serikali ina wajibu wa kuwasukumia jambo hilo bila kuchoka.

Wasiwasi wangu ni kwamba kichwa kimoja kinaweza kumeza mjadala wote. Kikipatikana, kutakuwa na sherehe kubwa, hotuba, picha, na pande zote mbili zitaona deni limelipwa. Fikirini hili: mwaka 1909, vita ikiwa imekwisha miaka miwili tu, wataalamu wa Kijerumani walifika Tendaguru, mkoani Lindi, kuchimba mifupa ya yule mjusi mkubwa. Hadi 1913 mamia ya watu wa eneo hilo, masalia ya vita na njaa, walichimba na kuibeba mifupa hiyo kichwani hadi bandari ya Lindi. Kila mfupa ulifungwa, ukaandikwa namba, na leo mjusi amesimama Berlin akiwa mzima. Mifupa ya watu waliokufa njaa katika nchi hiyo hiyo haikuhesabiwa na mtu yeyote. Hakuna sanduku la kurudisha. Kwa hiyo mkikaa mezani na Wajerumani, zungumzeni kichwa, zungumzeni nyara za vita zilizomo katika makumbusho ya Berlin, na zungumzeni njaa kwa jina lake. Waombwe nakala za barua zote za kijeshi za mwaka 1905 hadi 1907 zinazotaja kuchoma chakula, zitafsiriwe kwa Kiswahili, ziwekwe Songea.

Wakitaka kuchangia fedha za chumba, sina kinyongo. Sharti langu ni moja: maneno ya ukutani yaandikwe na sisi, kwa Kiswahili kwanza, na tafsiri za lugha nyingine zifuate. Nimesoma mahali pengine maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya mfadhili kisha yakatafsiriwa, na njaa ikaitwa "changamoto za upatikanaji wa chakula." Isije ikatokea hapa. Watu walinyimwa chakula kwa makusudi hadi wakafa, na Kiswahili kina uwezo wa kulisema hilo bila kuzunguka.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, kwako nina neno la ziada. Ruvuma leo inasifiwa kila mwaka kwa mahindi. Magari yanapanga foleni kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na mikoa mingine inapopungukiwa inatuangalia sisi. Mkoa huu, ambao Kapteni Richter alitamani usipande hata punje, sasa unalisha nchi. Ningependa wakulima wa Madaba na Namtumbo wapate nafasi katika chumba hicho, wakihitimisha ziara kwa mahindi yao wenyewe, ingawa hilo nalileta kama wazo tu na wataalamu wa maonyesho wanaweza kulikataa. Pia tafadhali, kumbukizi za Februari zianze kutenga siku moja, hata nusu siku, kwa ajili ya waliokufa bila kunyongwa. Ibada ifanyike, ya Waislamu na ya Wakristo, na wazee wa mila watambike kwa namna yao. Tamasha na mashindano ya ngoma viendelee jioni.

Kuhusu gharama na muda sitajifanya mjuzi. Ninachojua ni kwamba hatua tatu hazihitaji kusubiri bajeti ya mwaka ujao: kuandika barua chuoni kuhusu simulizi za 1968, kumteua mhifadhi mmoja awe msimamizi wa kazi ya kuwarekodi wazee, na kuitisha kikao cha koo zote za mkoa, si zile za viongozi walionyongwa peke yao. Koo zisizo na jina kwenye sanamu zina mengi ya kusema, na hazijawahi kuitwa kwa sababu hakuna aliyejua aziite kwa jina gani.

Nakala ya barua hii nimewapa wazee wa baraza na wakuu wa shule kadhaa za hapa. Sisi walimu tunasubiri jibu lenu, na tukiambiwa lini na wapi, tutakuja tukiwa na orodha ya kwanza ya wazee walio tayari kuzungumza. Baadhi yao wamekwisha kupita miaka tisini, kwa hiyo tunaomba jibu hilo lisichelewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia,
Manispaa ya Songea.